Mhariri, transfoma kuungua London sio machafuko

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Mimi ni msomaji wa magazeti wa siku nyingi, nina kibanda cha steshenari hapa Mafiati Mbeya, natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi, naprinti tisheti, na kwa vile nilisoma soma kidogo watu wananiletea makaratasi ya kiingereza niwasomee, ya hospitali, ya benki, ya viza, kwahiyo sio kwamba kiingereza nakijua sana ila nashinda nacho kutwa nzima na tabia zake nimeshazizoea. Leo naongelea neno moja tu maana nimelivumilia vya kutosha.

Neno lenyewe ni "chaos". Wenyewe wanalitamka keyosi, ila vijana wanaokuja kuprinti tisheti wanalisoma chaosi, kama lilivyoandikwa, na sijawahi kuwasahihisha kwasababu kwa kweli ukisoma kwa akili ya kiswahili wao ndo wako sahihi.

Ilikuwa ijumaa, tarehe 21 Machi 2025, mvua inanyesha tangu alfajiri, nipo ndani napambana na mashine imeng'ang'ania karatasi, mara akaingia mama jirani yangu, mtu mzima, kajitanda khanga kichwani, simu mkononi, hata salamu hakuna, na kwa mama wa Kinyakyusa kuingia sehemu bila salamu ujue kuna msiba au kuna kitu kinakaribia msiba. Akasema mwanangu nisomee hapa vizuri, London kumechafuka na dada yako anapanda ndege leo. Dada yangu ndo binti yake, nesi huko Uingereza, alikuwa anakuja likizo.

Nikaangalia. Kuna gazeti moja la kiswahili (silitaji, wala sisemi kwamba ni lenu) limeweka hedingi kubwa kwenye intaneti kwamba Heathrow kuna machafuko. Machafuko, Mhariri! Sasa mfikirie mama wa watu, kwa umri wake hilo neno amelisikia redioni mwaka 1993 kwa habari za Burundi, akalisikia 1994 Rwanda, akalisikia Kongo miaka nenda rudi, kwake yeye machafuko ni watu wanakimbia na magodoro kichwani na watoto mgongoni, ni mahema ya wakimbizi kule Ngara. Halafu unamwambia yako kwenye uwanja wa ndege ambao mwanae ndo anaelekea na sanduku lake.

Nikamkalisha, nikatafuta habari yenyewe kwa kiingereza. Kumbe usiku wa kuamkia siku hiyo kituo cha kupozea umeme cha huko Hayes, jirani na uwanja, kilishika moto, transfoma ikaungua, uwanja ukakosa umeme, wakaufunga siku nzima. Basi. Na magazeti ya kiingereza yote, ya maana na ya udaku, yameandika "chaos", "chaos", "chaos", na mtafsiri wetu kafungua kamusi, kakuta machafuko, kaweka machafuko, kaenda kunywa chai.

Nikamwelezea mama. Akaniuliza, kwahiyo umeme umekatika? Nikamwambia umekatika mama. Na wamesema utarudi lini? Nikamwambia wanasema ndege zinaweza kuanza kuruka leo leo usiku. Mama akakaa kimya kidogo, akanitazama, akasema, leo leo? Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya khanga, maana transfoma ya mtaani kwetu ililipuka mwaka fulani tukakaa siku nne na mishumaa na hakuna gazeti lililosema Mafiati kumechafuka.

Sitaki nionekane nawadharau waingereza. Ndege zaidi ya 1,300 zilivurugikiwa ratiba siku ile, abiria zaidi ya 200,000, zingine zilikuwa ziko angani tayari zikageuzwa zirudi zilikotoka, hiyo ni shida kubwa na mtu mwenye mgonjwa au msiba hawezi kuisahau. Ila tuiite kwa jina lake. Ni mkwamo, ni adha, ni hekaheka. Kule uwanjani hakuna aliyekuwa amemshikia mwenzie panga, watu walikuwa wanatafuta pa kuchajia simu.

Sasa nimekuwa nalifuatilia hili neno kama mtu anayefuatilia deni. Waingereza wanalitumia kwa kila kitu jamani. Theluji ikianguka kidogo barabarani, "chaos". Treni wakigoma, "chaos". Chama tawala kikigombana chenyewe kwa chenyewe, "chaos". Na hapo hapo nchi ikipigwa mabomu watu wakafa mamia, ukurasa wa pili wa gazeti lile lile, bado "chaos". Mwanzoni nilidhani ni uvivu, baadae nikaona kuna sababu moja ya kiufundi na wewe Mhariri utaielewa kuliko mimi. Magazeti yao ya karatasi safu ni nyembamba na hedingi ni kubwa, kwahiyo wanapenda maneno mafupi yatakayoenea, ugomvi wowote ule wanauita "row", kupunguza kitu chochote ni "cut", na "chaos" ina herufi tano tu, inaingia popote. Sawa, wana haki yao. Ila machafuko ina herufi tisa! Sisi tunapata faida gani? Zogo ina nne, fujo nne, adha nne. Tumekopa ugonjwa wa mtu ambao hata sababu ya kuugua hatuna.

Halafu kuna "chaos" ya nyumbani, hiyo ndo ilinichanganya zaidi. Kuna wakati walikuwa wanakuja wasichana wa kizungu wa kujitolea, wanatoa fotokopi za pasi zao, basi mmoja siku hiyo anatafuta pasi haioni, akamwaga mkoba wote juu ya kaunta yangu, kalamu, karanga, chaja, biskuti imevunjika, akanitazama akasema maisha yangu ni "chaos". Mimi moyo ukanilipuka. Binti mdogo hivi yuko mbali na wazazi anakwambia maisha yake yamekuwa machafuko, utafanyaje? Nikamuuliza kwa upole kama kuna mtu anamsumbua, kama nimpigie mtu simu. Akashangaa, mimi nikashangaa, mkaka mwingine aliyekuwa anasubiri fotokopi akashangaa. Kumbe alikuwa anasema mkoba wake hauna mpangilio. Kwetu hapo tungesema tu mambo yangu shaghalabaghala, au vitu vyangu vimekaa hovyo hovyo, na mtu angecheka akakusaidia kutafuta. Siku hizi huko kwao hata wamefika mahali kumwita mtu "chaotic" ni kama kumsifia, maana yake ni mcheshi, hatabiriki, ana vituko. Sisi tuna neno pepe, tuna machepele, tuna mtu wa vituko, hatujawahi kusema mtu ni machafuko, na naomba Mungu tusifike huko.

Kuna ya tatu, na hii inaniuma. Mtu wa nje akija akaandika habari za safari yake, akifika Mwanjelwa sokoni anaandika "chaos". Mhariri, wewe umewahi kufika Mwanjelwa saa kumi na mbili asubuhi? Kuna mtu anajua gunia lile la viazi limetoka Umalila na lile la Uporoto, na anajua kabla hujalifungua. Ndizi za Tukuyu zina sehemu yake na mama akishusha mkungu upande usio wake ataambiwa, tena ataambiwa kwa heshima kwanza na bila heshima baadae. Mchele wa Kyela una madalali wake na wa Usangu una wa kwake, na ukijifanya unachanganya huu na huu ukauza kwa bei ya Kyela watu wanaonja punje wanakurudishia. Wabeba mizigo wana zamu. Mwenye toroli anapiga mluzi, ukisikia mluzi unahama kushoto, sio kulia, ukihama kulia utagongwa na utalaumiwa wewe. Mtoza ushuru anapita saa zake na kila mtu anajua ni saa ngapi, ndo maana ukipita muda huo unakuta meza zingine ghafla hazina mtu. Hiyo sio kukosa utaratibu, huo ni utaratibu mzito kiasi kwamba mgeni anahitaji miaka miwili kuujua. Anachosema yule mgeni akiandika "chaos" ni kwamba yeye hajaelewa.

Na hapo ndo nikapata kitu, nikakiandika kwenye karatasi iliyoharibika na fotokopi ili nisisahau. Kiswahili kina neno la hiyo hali na nyie waandishi mnalipenda sana, sintofahamu. Liangalie lilivyojengeka, Mhariri. Sinto fahamu. Sitaelewa. Mimi ndo sielewi. Kiingereza kinasema soko limevurugika, kiswahili kinasema msemaji kachanganyikiwa. Basi siku mkitafsiri habari ya mtalii aliyeona "chaos" sokoni, andikeni mtalii apatwa na sintofahamu Mwanjelwa, hapo mtakuwa mmeandika ukweli mtupu. Badala yake neno sintofahamu mnaliweka kwenye ajali, kwenye uchaguzi wa klabu, kwenye ndoa ya msanii, mpaka na lenyewe limeanza kuchujuka kama khanga ya mtumba.

Nikawa na hamu ya kujua hao waingereza wenyewe hili neno walilitoa wapi, maana kwa jinsi wanavyolitupa hovyo nilijua sio la kwao. La Wagiriki. Mshairi wao mmoja wa zamani kabisa, Hesiod, miaka karibu 700 kabla ya Kristo, alisema kitu cha kwanza kutokea duniani kilikuwa Chaos, ila hakumaanisha fujo hata kidogo. Alimaanisha uwazi, pengo, shimo lililoachama, neno lina undugu na kitenzi chao cha kuachama kinywa na kupiga miayo. Yaani mwanzo kabisa "chaos" ni kama mwayo. Ukimya na utupu, kama ule ukiwa na utupu wa mwanzo tunaosomewa kanisani. Alikuja kuligeuza Mrumi, Ovid, miaka kama 2000 iliyopita, yeye akasema hapo mwanzo kila kitu kilikuwa kimerundikana pamoja, baridi na joto, maji na moto, vinagombana ndani ya bonge moja, na hiyo picha ya bonge ndo waingereza wakaishika. Kwahiyo neno lililoanza kwa maana ya hakuna kitu, limeishia kwa maana ya vitu vimezidi. Mimi hapo nilicheka peke yangu dukani.

Subiri, bado kuna la gesi, hili nimewasimulia wateja mpaka wamenichoka. Karne ya 17 kulikuwa na tabibu mmoja Mbelgiji, kwa nchi ya leo, anaitwa Jan Baptist van Helmont. Alichoma mkaa ratili 62, ambayo ni kama kilo 28, akabaki na jivu ratili moja tu. Akajiuliza hizo 61 zimeenda wapi. Akasema zimegeuka kitu cha hewani kisichoshikika, akakosa jina, akachukua lile la Wagiriki, chaos, akaliandika anavyolitamka yeye, maana kwa lugha yao herufi g inatokea kooni, inakuwa kama kh, ikawa "gas". Basi gesi yetu hii, mtungi huu anaoubeba bodaboda kuja kwako jioni, jina lake ni chaos ile ile imepita kwenye koo la Mbelgiji. Na akagundua kwamba ile hewa ya mkaa ndo ile ile inayotoka kwenye kinywaji kinachochachuka. Ndugu zetu wa Iringa na Njombe hilo hawahitaji kufundishwa na mtu, ulanzi ukigemwa asubuhi ukaufunga kwenye dumu ukakaza kifuniko, ukisafiri nao mpaka Makambako utajua van Helmont alikuwa anaongelea nini, na shati lako litajua. Na hapa Rungwe hewa hiyo hiyo inatoka ardhini yenyewe, wanaivuna kule Tukuyu, inaenda kutiwa kwenye soda. Kwahiyo kila ukibeua soda, samahani kwa lugha, umebeua neno la Kigiriki.

Wanasayansi nao wana "chaos" yao na sio ile ya magazeti, tofauti kabisa, na hii nilisomewa na kijana wa chuo aliyekuja kuchapa ripoti yake. Mwaka 1961 Mmarekani mmoja wa mambo ya hali ya hewa, Edward Lorenz, alikuwa anakokotoa hali ya hewa kwenye kompyuta, akarudia hesabu ila badala ya kuandika 0.506127 akaandika 0.506, akaenda kunywa kahawa. Kurudi, hali ya hewa ya kwenye kompyuta imekuwa nyingine kabisa. Hesabu ni ile ile, kanuni ni zile zile, hakuna fujo yoyote, ni ile punje ndogo tu ya mwanzo. Yule kijana akaniuliza umeelewa, nikamwambia mimi nimezaliwa Uporoto bana. Pale juu matone mawili ya mvua yanaweza kuanguka hatua chache tu moja kutoka kwa jingine, hili likateremkia upande wa Kiwira likaingia Ziwa Nyasa, jingine likashukia Usangu likaenda na Ruaha Mkuu, Mtera, Rufiji, likatokea Bahari ya Hindi. Hakuna tone lililofanya vurugu. Kijana akasema mfano wangu sio sahihi asilimia mia ila ataupeleka kwa mwalimu wake. Sasa ukija kutafsiri hiyo kitu ukaandika "nadharia ya machafuko", na nimeona imeandikwa hivyo, mtu wa kawaida atadhani ni somo la polisi.

Na sio hili neno peke yake, waingereza wana mengine ya ukoo huo huo. Watoto wakipiga kelele sebuleni mama wa kiingereza anasema ni "bedlam". Unajua hiyo ni nini? Ni Bethlehemu. Kweli kabisa. Mwaka 1247 London ilianzishwa nyumba ya watawa kwa jina la Bethlehemu, baadae ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ndimi za watu zikafupisha ikawa Bedlam, na kuna miaka watu walikuwa wanaenda kuwaangalia wagonjwa kama wanaenda kuangalia mpira. Jina la mji aliozaliwa Yesu limekuwa jina la kelele! Nilikuwa tayari kuwasema vibaya sana hapo, mpaka nikakumbuka sisi wenyewe mtu akifanya jambo la ajabu tunasema huyu katoroka Mirembe. Nikanyamaza. Kuna na "pandemonium", hiyo mshairi wao Milton aliitunga 1667 iwe jina la ikulu ya mashetani, leo wanaitumia foleni ya tiketi ikiwa ndefu.

Mhariri, hoja yangu ni kwamba wao wakitaka kulitumia neno moja kwa theluji, kwa mkoba na kwa vita, watumie, ni lao. Sisi tunaotafsiri ndo tunatakiwa tuangalie kilichotokea, sio tuangalie neno lililotumika. Na maneno tunayo mpaka yanamwagika. Watu wawili wakibishania nauli kwenye daladala hilo ni zogo, likifika kusukumana ni purukushani, konda akishuka na mashati yakachanika basi ni patashika nguo kuchanika, na ukisikia timbwili ujue kuna mwanamke kamfuata mume wake mahali. Kizaazaa ni pale ng'ombe kaingia sokoni. Zahama, hilo tulilitoa kwa Waarabu na kwao ni msongamano, kwetu limekuwa zito zaidi, zahama ina majeruhi. Mtafaruku upo ndani ya familia au ndani ya kwaya, unaweza kuwepo mwaka mzima na hakuna aliyepaza sauti. Taharuki ni moyo, sio tukio, watu wanaweza kutaharuki na wamekaa kimya. Hekaheka inaweza kuwa hata ya heri, hekaheka za harusi. Mtu akikosea kuchagua hapo msomaji anaona tukio jingine kabisa, kama mama alivyoona mapanga kwenye transfoma.

Na chukulia mfano wa hapa hapa. Novemba 2011 hapa Mbeya polisi na wamachinga, Mwanjelwa na Kabwe, matairi yanawaka barabarani, mabomu ya machozi, nilifunga duka nikalala nyuma ya mashine ya fotokopi na mtoto wa jirani ambaye sikujua ni wa nani mpaka kesho yake. Macho yaliwasha siku mbili. Hiyo Mhariri tuliiita vurugu. Vurugu tu, tena wengine wakaiita vurugu mechi, wakacheka kidogo ilivyoisha. Hatukuiita machafuko, kwasababu wazee wetu walituachia hilo neno kwenye kabati la juu, bahari ikichafuka hakuna mtu wa kuituliza, na nchi ikichafuka vivyo hivyo. Sasa nyie mnalishusha kwa ajili ya abiria waliokosa ndege ya kwenda New York.

Kuna mtu atasema lugha inakua, acha ikue. Sawa, ikue. Ila sijaona mtu anayekua kwa kutupa nguo zake zote na kubaki na shati moja la mtu mwingine.

Hapo kando kidogo, maana nimekumbuka. Kuna fundi mmoja wa simu alihamia hapa kutoka Dar, siku ya kwanza tu kamtengenezea bibi simu yake, bibi kafurahi, kamshika mikono yote miwili, anamwambia ndaga fijo, ndaga fijo. Jamaa akaja kwangu anatetemeka, anasema kuna bibi ananituhumu nimefanya fujo. Ndaga fijo ni asante sana, Mhariri. Ndo madhara ya kushika neno kwa sikio moja.

Yule dada alikuja, sio siku ile, alikuja kwenye Pasaka. Akafika Dar salama, akapanda ndege ya kuja Songwe, wakafika juu yetu hapa, ukungu umefunika chini hakuonekani, rubani akazunguka, akazunguka, akageuza wakarudi Dar. Mama alikuwa dukani kwangu simu ilipolia, meseji imeandikwa "Mama huku ni chaos tumerudishwa". Mama akaisoma mwenyewe, polepole, akaniuliza hii chaosi ndo ile ya transfoma? Nikamwambia ndo ile. Akatoka nje akaangalia juu upande wa mlima Loleza, akarudi, akabonyeza kile cha kurekodi sauti, akaisogeza simu mdomoni kama mtu anayepuliza chai.

"Hiyo sio chaosi mwanangu, huo ni ukungu. Panda basi."

Wako msomaji,
Wa steshenari, Mafiati, Mbeya